Amekunywa Sumu: Kabla Hujadai Aoshwe Tumbo

Mtoto akinywa mafuta ya taa, au kijana akikutwa chumbani na chupa ya dawa ya mimea kando yake, mambo mawili hutokea karibu kila nyumba. Jirani huja mbio na kitu cha kumtapisha: maji ya chumvi, maji ya sabuni, mayai mabichi. Mgonjwa akishafikishwa hospitali, ndugu nao huanza kumuuliza nesi, "Mbona hamumsafishi tumbo?" Yote mawili hufanywa kwa upendo, kwa imani kwamba kilichoingia kwa mdomo kitoke kwa mdomo. Imani hiyo imeshawamaliza watu ambao pengine sumu yenyewe isingewamaliza.

Mgonjwa wa sumu huokolewa na mambo matatu: pumzi iliyolindwa, muda ambao haukupotea, na jina la sumu kufika hospitali pamoja naye. Kuosha tumbo kuna nafasi yake, ila nafasi hiyo ni finyu kuliko tunavyodhani. Fuata hatua hizi, na uzielewe sababu zake, ili siku ikifika usishindane na daktari kwa jambo linaloweza kumdhuru mgonjwa wako.

Dakika za kwanza nyumbani

1. *Anza na pumzi.* Mwite kwa jina, mtikise bega. Akiitika vizuri, mwache akae au alale anavyopata nafuu. Akiwa amelegea, anakoroma au haitiki, mlaze kwa ubavu wa kushoto, goti la juu likunjwe mbele ili asibingirike, na uso uelekee chini kidogo ili mate na matapishi yatoke nje. Usimlaze chali. Mtu aliyelegea akitapika huku amelala chali, matapishi huingia kwenye mapafu.

2. *Ondoa sumu iliyo nje ya mwili.* Dawa nyingi za kuulia wadudu shambani hupenya ngozi. Vua nguo zote zilizolowa, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, usisahau nywele na kucha. Anayemwosha avae glavu, au afunge mifuko ya plastiki mikononi. Sumu ikiingia machoni, yasuuze kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 10 hadi 15.

3. *Usimtapishe.* Usimtie kidole kooni. Usimpe maji ya chumvi kwa hali yoyote: chumvi nyingi hupanda kwenye damu, huleta degedege, na mtoto anaweza kufa kwa chumvi hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani linakataza jambo hili waziwazi katika mwongozo wake wa kutibu watoto hospitalini. Hata dawa ya kutapisha iliyokuwa ikiuzwa madukani Marekani kwa miaka mingi, sharubati ya ipekaki, madaktari wa watoto wa huko waliwaambia wazazi mwaka 2003 waache kuiweka nyumbani, kwa kuwa haikuthibitika kuwasaidia watoto.

4. *Usimnyweshe kitu ukidhani kitaua sumu.* Maziwa hayaui sumu ya shambani, na mayai mabichi pia hayaiui. Kujaza tumbo huongeza uwezekano wa kutapika na kupaliwa. Aliyemeza kitu kinachounguza, kama maji ya betri au kostiki ya kutengenezea sabuni, ana hali yake ya pekee. Huyo, akiwa macho kabisa na anameza bila shida, asukutue mdomo ateme, kisha apewe mafunda machache ya maji au maziwa ili kupunguza makali. Baada ya hapo asipewe kitu kingine chochote.

5. *Beba chombo cha sumu.* Chupa, kopo, pakiti, hata karatasi iliyochanika. Kibandiko cha dawa ya mimea kina jina la kemikali iliyomo, na jina hilo ndilo linalomwambia daktari atumie dawa gani. Kama dawa ilipimwa dukani ikatiwa kwenye chupa ya soda isiyo na maandishi, mtume mtu aende kwa muuzaji akapige picha ya kopo kubwa na kuituma kwa simu. Kama ni vidonge, hesabu vilivyobaki. Andika saa unayodhani alimeza.

6. *Ondoka.* Usisubiri kuona kama atazidiwa. Aliyelegea asipakiwe katikati kwenye bodaboda kichwa kikining'inia. Tafuta bajaji au gari alale kwa ubavu, na mtu mmoja akae kichwani kuangalia pumzi. Kwa Tanzania, wapo wanaopitia kwanza kituo cha polisi kuchukua fomu ya PF3. Gawaneni kazi: mmoja aende polisi, mgonjwa aende hospitali moja kwa moja. Dakika 40 za kusubiri fomu zinaweza kuwa ndizo alizozihitaji.

Kwa nini tumbo halioshwi kila mara

Kuosha tumbo, yaani kupitisha mpira hadi tumboni, kutia maji na kuyatoa, si jambo geni. Mwaka 1812 daktari Philip Syng Physick wa Philadelphia alitumia mpira kutoa dawa ya afyuni tumboni mwa watoto mapacha waliozidishiwa. Tangu hapo, kwa zaidi ya karne moja na nusu, ilikuwa ni desturi: umekunywa sumu, unaoshwa. Hakuna aliyeuliza sana kama waliooshwa walipona kwa sababu ya mpira au wangepona tu.

Walipoanza kuuliza, majibu hayakuwa ya kufurahisha. Mwaka 1985 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wagonjwa 592. Faida ya kutoa vilivyomo tumboni ilionekana kwa kundi dogo tu, yaani waliofika wakiwa wamezimia ndani ya saa moja tangu kumeza. Mwaka 1995 ukaja utafiti wa Australia wenye wagonjwa 876. Huu haukuona tofauti hata kwa kundi hilo, ukilinganisha na kuwapa mkaa wa hospitali, unga wa kunasa sumu, peke yake. Mwaka 1997 vyama vya wataalamu wa sumu vya Marekani na Ulaya vilitoa tamko la pamoja kwamba kuosha tumbo kusifanywe kama desturi. Tamko hilo lilipitiwa upya mwaka 2004 na 2013, na kila mara lilibaki na msimamo huo au kuukaza zaidi.

Sababu kubwa ni saa. Vimiminika havikai tumboni kwa muda mrefu. Hushuka kwenye utumbo mwembamba, na kuanzia hapo huingia kwenye damu. Mpira unafika kwenye tumbo la chakula tu. Majaribio ya watu waliojitolea kumeza vitu visivyo na madhara kisha wakaoshwa yalionyesha kwamba kiasi kinachopatikana hutofautiana mno, na hupungua haraka kadiri muda unavyopita. Sasa fikiria safari ya kweli: mgonjwa amegunduliwa baada ya nusu saa, usafiri umetafutwa kwa nusu saa nyingine, barabara ni ya vumbi hadi hospitali ya wilaya. Mpira ukiingia, sumu nyingi imeshapita. Maji yakitiwa kwa wingi yanaweza pia kusukuma iliyobaki ishuke chini, ambako hunyonywa vizuri zaidi.

Sababu ya pili ni madhara ya kazi yenyewe. Mpira unaweza kuingia kwenye njia ya hewa badala ya tumboni. Mgonjwa anaweza kupaliwa, akapata homa ya mapafu. Umio unaweza kutoboka. Oksijeni hushuka, na mapigo ya moyo huvurugika. Mtoto mdogo akitiwa maji matupu kwa wingi, chumvi ya damu yake huzimuliwa hadi akapata degedege. Watafiti waliokaa katika hospitali za Sri Lanka, nchi iliyoteseka sana kwa sumu za mashambani, walichapisha mwaka 2007 yale waliyoyaona kwa macho yao: wagonjwa wanaoshikiliwa kwa nguvu huku wakipigana, wengine njia ya hewa haikulindwa kabisa, na madhara makubwa yakafuata. Hali hiyo haiko mbali na wodi zetu, ambako nesi mmoja ana wagonjwa wengi na mashine ya kuvuta mate iko chumba kingine.

Wasiooshwa

*Aliyekunywa mafuta ya taa, petroli au tina ya rangi.* Tumboni mafuta ya taa hayana madhara makubwa kama yanayoyafanya yakiingia kwenye mapafu. Kiasi kidogo tu kikipita njia ya hewa huunguza mapafu, mtoto akaanza kukohoa, kuhema haraka na kupata homa. Kumtapisha au kumwingiza mpira ni kuyapa mafuta nafasi ya pili ya kufika mapafuni. Mkaa nao haufai kwake. Hospitali itampa oksijeni akihitaji, na itamwangalia. Mtoto ambaye baada ya saa sita hakohoi, anahema vizuri na hana homa, kwa kawaida huruhusiwa kurudi nyumbani. Mzazi akiona mwanawe amelazwa saa hizo zote "bila kufanyiwa kitu", ajue kwamba kuangaliwa ndiyo tiba yenyewe.

*Aliyemeza asidi, maji ya betri, kostiki au dawa kali za kusafishia vyoo.* Kitu hicho kimeshaunguza umio kikishuka. Kikirudishwa kitaunguza mara ya pili, na mpira unaweza kutoboa nyama iliyolainika.

*Aliyepoteza fahamu au anayepoteza fahamu,* mpaka daktari wa usingizi au mtaalamu mwingine amwekee kwanza mpira wa kulinda njia ya hewa. Pasipo uwezo huo, tumbo lisiguswe.

*Aliyelewa pombe yenye methanoli.* Mwezi Mei 2014 pombe ya namna hiyo iliua watu wengi Kenya, na Embu ilikuwa moja ya sehemu zilizoumia. Methanoli hunyonywa upesi, na mpaka macho yaanze kuona ukungu imeshaingia kwenye damu saa nyingi. Kinachomfaa ni dawa ya kuizuia isigeuke sumu kali zaidi, na mashine ya kusafisha damu.

Wachache wanaoweza kuoshwa

Daktari huweza kuamua kuosha tumbo pale mambo haya yanapokutana: sumu ni ya kuua, kiasi kilichomezwa ni kikubwa, muda haujazidi saa moja hivi, mkaa haushiki sumu hiyo au hakuna dawa ya kuipinga, njia ya hewa ni salama, na aliyeshika mpira anaijua kazi. Mfano ni mtoto aliyemeza dakika chache zilizopita vidonge vingi vya kuongeza damu alivyopewa mama yake mjamzito kliniki. Vidonge vyenyewe vina rangi ya kuvutia, mtoto huviona peremende. Madini ya chuma yaliyomo hayashikwi na mkaa, na yakizidi huharibu tumbo, ini na moyo. Kwa mtoto huyo daktari atapima vidonge vingapi, uzito gani, na saa ngapi zimepita, ndipo aamue.

Kama ameamua, kazi inayofanywa sawasawa huonekana hivi. Mashine ya kuvuta mate iko kando ya kitanda, imewashwa na kujaribiwa. Mgonjwa amelala kwa ubavu wa kushoto, upande wa kichwa umeshushwa kidogo. Mkao huo huliinua tundu la kutokea la tumbo, sumu isishuke kwenye utumbo. Mpira hupitishwa mdomoni, kwa kuwa ule mwembamba wa puani hauwezi kupitisha vipande vya vidonge. Wa mtu mzima una unene wa milimita 12 hadi 13. Kabla ya kuuingiza, mhudumu anaupima kwa nje kutoka mdomoni hadi ncha ya chini ya mfupa wa kifua, anaweka alama, na kuupaka jeli. Ukishaingia, anahakikisha uko tumboni kabla tone la maji halijapita.

Kisha maji ya uvuguvugu hutiwa kidogo kidogo kwa faneli, mililita 200 hadi 300 kwa mtu mzima. Mtoto hutiwa maji ya dripu ya chumvi kwa kipimo cha mililita 10 kwa kila kilo ya uzito. Faneli ikishushwa chini ya kitanda, maji hurudi, nayo hupimwa: yaliyorudi yakaribiane na yaliyoingia. Hurudiwa hivyo mpaka maji yatoke masafi. Ukiona ndoo nzima inamiminwa kwa pupa huku mgonjwa ameshikiliwa na watu wanne, hiyo si kazi inayotakiwa, na una haki ya kuuliza.

Tiba zinazobeba mzigo mkubwa zaidi

Mkaa wa hospitali ni unga mweusi uliotengenezwa kwa namna inayoupa vitundu vingi mno vya kunasia sumu. Mtu mzima hupewa kama gramu 50, mtoto gramu 1 kwa kila kilo, na hufaa zaidi ndani ya saa ya kwanza. Mkaa wa jikoni uliotwangwa hauwezi kazi hiyo. Hata ule wa hospitali una mipaka: haushiki pombe, chuma, asidi wala mafuta. Tena, jaribio kubwa la Sri Lanka lenye wagonjwa zaidi ya 4,600, lililochapishwa mwaka 2008, halikuona vifo vikipungua kwa kuutoa kwa wote kama desturi.

Kwa sumu nyingi za kuulia wadudu shambani, dawa kuu ni atropini. Mgonjwa wa sumu hizo utamjua: mate yanamtoka, jasho linamvuja, mboni za macho zimesinyaa, kifua kimejaa majimaji na kinakoroma. Atropini hukausha kifua hicho ili aweze kuhema. Huenda akadungwa mara nyingi, kila baada ya dakika chache, mpaka mapafu yakauke. Nesi anayekaa hapo akisikiliza kifua na kuongeza sindano anafanya kazi kubwa kuliko mpira wowote.

Aliyezidisha paracetamol anaweza kuongea na kucheka siku ya kwanza, ini likaanza kufa siku zinazofuata. Dawa yake, asetilisisteini, hulinda vizuri sana ikianza ndani ya saa nane. Kwa hiyo usimrudishe nyumbani kwa sababu "anaonekana mzima".

Ukifika hospitali, uliza hivi

Badala ya "Mbona hamumsafishi tumbo?", muulize daktari: Sumu hii ni ya aina gani? Ina dawa ya kuipinga, na ipo hapa? Anahema vizuri? Ataangaliwa kwa saa ngapi, na niangalie dalili gani? Kama dawa haipo, tunaweza kupewa rufaa sasa hivi? Na kama amesema ataosha tumbo, uliza: njia ya hewa italindwaje? Maswali haya humsaidia mgonjwa, na daktari mwema hatachukia kuyajibu.

Aliyekunywa kwa kukusudia asikaripiwe kitandani, wala asiambiwe kwamba kuoshwa tumbo kutamfunza adabu. Wapo wahudumu na ndugu wanaoufanya mpira kuwa adhabu. Huo ni ukatili, na humfanya mtu afiche siku nyingine. Asiachwe peke yake. Akipata nafuu, omba aonane na mtaalamu wa afya ya akili kabla hajaruhusiwa, na nyumbani ondoeni sumu na dawa zote mahali anapoweza kuzifikia.

Mpira wa tumboni kwa mtoto mwenye kikohozi

Ipo huduma moja inayofanana na kuosha tumbo ambayo mzazi hapaswi kuiogopa. Mtoto mdogo hawezi kutema makohozi. Huyameza, hasa usiku. Akishukiwa kuwa na kifua kikuu, mhudumu anaweza kupitisha mpira mwembamba puani alfajiri, kabla mtoto hajala, na kuvuta mililita 5 hadi 10 za majimaji ya tumboni yapelekwe maabara. Ukiambiwa asile kwa angalau saa nne, shika agizo hilo, kwani uji au maziwa huharibu kipimo. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linakubali pia kinyesi cha mtoto kipimwe kwa mashine ya GeneXpert, kwa hiyo uliza kama kituo chako kina njia hiyo.

Ya kufanya leo nyumbani

Mimina mafuta ya taa kutoka kwenye chupa ya soda au ya maji, uyatie kwenye dumu lenye kifuniko kinachokaza, uliandike, uliweke juu na lifungwe. Dawa ya mimea isilale chumbani wala jikoni. Iwekewe sanduku lenye kufuli, na ufunguo ukae na mtu mzima mmoja. Nunua iliyo kwenye chombo chake chenye kibandiko, hata kama ya kupima ni rahisi. Vidonge vya kliniki vikae juu, mbali na mikono midogo, na usimwambie mtoto kwamba dawa ni peremende. Hifadhi kwenye simu namba ya kituo cha afya kilicho karibu na ya dereva wa bajaji au gari anayeitika usiku. Kisha wafundishe wote wanaobaki na watoto, dada wa kazi, bibi na kaka mkubwa, maneno haya manne: mlaze ubavu, usimtapishe, beba chupa, ondoka.